Kipimo Hujibu Kilichoulizwa

  

Wasikilizaji, ninachotaka kukizungumzia leo ni kaboni, hiyo hiyo iliyomo ndani ya penseli na ndani ya almasi. Mmesikia kwenye habari kwamba wanasayansi wanaitumia kutengeneza vitambuzi vidogo vya kugundua ugonjwa au sumu kwa dakika chache, kwenye damu, kwenye maji, kwenye jani la mmea. Habari hizo ni za kweli kwa sehemu kubwa. Lakini kabla hatujafika Manchester na London, tupitie Longisa, hapa Bomet.

Mwezi wa Septemba mwaka wa 2011, mahindi ya Longisa yalianza kufa kwa namna ambayo hata wazee hawakuitambua. Jani lilipata madoa ya manjano, likakauka kuanzia ukingoni kwenda ndani, moyo wa mmea ukafa, na gunzi lililobahatika kutokea likawa na punje chache zilizosinyaa, au likawa tupu. Watu wakauita ugonjwa ule koroito. Mkulima aliyesimama katikati ya shamba lake hakuwa na njia ya kujua kama alaumu mbegu, mbolea, mvua au wadudu, na aliyeitwa kumsaidia naye alikuwa na macho tu, kama yeye.

Jibu lilipatikana maabara. Mwaka wa 2012 Anne Wangai wa KARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ambayo leo ni KALRO, pamoja na wenzake wa hapa nchini na wa Marekani, walichapisha taarifa kwamba virusi viwili vilikuwa vimeungana: kimoja kinachotia mahindi madoadoa, ambacho wataalamu hukiita kwa kifupi MCMV, na kingine cha jamii ya virusi vinavyoshambulia miwa. Kila kimoja kikiwa peke yake huleta madhara, lakini vikikutana kwenye mmea mmoja mahindi yamekwisha. Sampuli nyingine zilisafirishwa hadi York, Uingereza, jenomu za virusi vilivyomo zikasomwa herufi kwa herufi, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2013. Wakati huo ugonjwa ulikuwa umeshavuka mipaka ukaingia Tanzania na Uganda. Wakulima wakaambiwa wang'oe mimea iliyougua, wasipande mahindi juu ya mahindi, wabadilishe kwa viazi na maharagwe. Mwaka huo huo wa 2013 KARI na CIMMYT, shirika la kimataifa la utafiti wa mahindi na ngano, wakafungua kituo Naivasha cha kupima mbegu zipi zinaweza kuvumilia.

Basi, mtu anayesoma habari za vitambuzi vya kaboni atasema mara moja: hicho ndicho kilichokosekana. Kama afisa wa kilimo angekuwa na kifaa cha mfukoni, akatia tone la maji ya jani, akaona jibu pale pale shambani, Longisa ingeokoka. Nami nilidhani hivyo hivyo nilipoanza kuisoma habari hii. Sasa nina mashaka, na sababu yangu imo ndani ya namna vifaa hivi vinavyofanya kazi.

Penseli kwanza. Ule weusi wake ni grafiti, na grafiti ni matabaka ya kaboni yaliyolaliana bila kushikana sana, ndiyo maana unapoandika baadhi yake huteleza na kubaki kwenye karatasi. Mwaka wa 2004, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov walieleza jinsi walivyobandua tabaka moja tu, lenye unene wa atomu moja, wakitumia utepe wa kawaida wa kunatia. Tabaka hilo ndilo grafini. Mwaka wa 2010 wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Kwa nini wembamba huo uwe na maana kwa mtu anayetafuta ugonjwa? Mnajua jinsi chai inavyotandazwa kiwandani kwenye vihori vya kunyaushia. Ikirundikwa nene, ya juu inanyauka na ya katikati inabaki mbichi, kwa kuwa hewa haiifikii. Sasa fikirieni jani moja moja limelala peke yake, hewa juu na hewa chini. Grafini iko hivyo: hakuna katikati, kila atomu iko juu. Umeme unaopita ndani yake hauna pa kujificha, na molekuli yoyote inayotua inausukuma au kuuvuta kidogo. Mwaka wa 2007 watu wa Manchester walionyesha kwamba kipande cha grafini kinaweza kuhisi molekuli moja ya gesi ikitua na ikiondoka. Moja!

Na ni nyepesi ajabu. Mita moja ya mraba ya grafini ina uzito wa miligramu 0.77. Ukifanya hesabu, gramu moja ingefunika karibu theluthi moja ya ekari. Ishikeni tarakimu hiyo, nitaihitaji tukifika kwenye madini.

Kuhisi, hata hivyo, ni jambo moja, na kujua umehisi nini ni jambo jingine. Grafini haijui tofauti ya kirusi cha mahindi na tope. Kila kinachotua kinaisukuma. Ili ifanye kazi ya kipimo, lazima mtu aipandikizie juu yake mkamataji: kingamwili kinachoshika kirusi fulani tu, au kipande cha DNA kinachooana na kipande fulani tu, au kimeng'enya kinachokula sukari ya aina fulani tu. Wataalamu wakisema wametengeneza kitambuzi cha grafini cha ugonjwa fulani, nusu ya kazi ni grafini, na nusu nyingine, ambayo haiingii kwenye vichwa vya habari, ni huyo mkamataji.

Hapa Silibwet tunaye mkamataji tunayemfahamu sana. Ingia duka la dawa lolote uombe kupimwa sukari. Kidole kinachomwa, tone la damu linanyonywa na ile stripu, na baada ya sekunde chache kimashine kinaandika, tuseme, 5.6. Ndani ya stripu kuna wino wa kaboni uliochapishwa juu ya plastiki, kwa mbinu ile ile ya kuchapa maandishi kwenye fulana, na juu ya wino kuna kimeng'enya. Kimeng'enya kinaitafuta glukosi peke yake katikati ya fujo yote ya damu, kinaipokonya elektroni, kemikali ya kubebea inazifikisha kwenye kaboni, na kimashine kinapima mkondo. Wazo la kuunganisha kimeng'enya na elektrodi lilitolewa mwaka wa 1962 na Leland Clark, Mmarekani. Kemikali nzuri ya kubebea ilielezwa na watafiti wa Oxford na Cranfield mwaka wa 1984, na kifaa cha ukubwa wa kalamu kikauzwa mwaka wa 1987. Kimeng'enya kilichotumika sana katika kazi hiyo hutolewa kwenye ukungu uitwao Aspergillus niger, ndugu wa karibu wa Aspergillus flavus, ukungu unaotia sumu mahindi yetu ghalani. Ukoo mmoja; mmoja anawahudumia wagonjwa wa kisukari na mwingine anaua watu. Tutarudi kwa huyo wa pili.

Stripu ya sukari haina grafini wala almasi. Ina kaboni ya kawaida kabisa, na imeokoa watu wengi kuliko kitambuzi chochote cha grafini kilichoandikwa majaridani. Kilichoiwezesha ni kwamba madaktari walijua swali: je, glukosi ni kiasi gani? Swali hilo moja limeulizwa na mamilioni ya watu kila siku kwa miaka arobaini, likalipiwa, na bei ya stripu ikashuka.

Rudini sasa Longisa. MCMV kilikuwa kimeangamiza mahindi kwa kushirikiana na virusi vingine huko Kansas, Marekani, tangu mwaka wa 1976. Kingamwili cha kukamata MCMV kilikuwepo. Ndicho kilichosaidia kuthibitisha ugonjwa sampuli zetu zilipofika maabara. Kwa hiyo mkamataji alikuwepo duniani kabla ya Septemba 2011. Hakuwa Bomet kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kumleta Bomet. Kirusi hicho kilikuwa hakijawahi kuripotiwa hapa Kenya. Hata kama wakati ule tungekuwa na grafini bora kuliko zote, ingekuwa imepandikizwa mkamataji wa kitu kingine, na ingemjibu mkulima kwa uhakika kabisa kwamba kile kitu kingine hakipo. Ugonjwa mpya huanza kugunduliwa na mtu anayetembea shambani akisema hili sijaliona, akachukua jani na kulipeleka kwa anayeweza kusoma jenomu nzima bila kukisia. Kifaa cha mfukoni huja baadaye, kufuatilia ugonjwa ambao umeshapewa jina.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji wa matumaini hawalisemi, nalo ni chumvi.

Vitambuzi vingi vya grafini husikia chaji ya umeme iliyo kwenye molekuli iliyokamatwa. Katika damu au maziwa kuna chumvi nyingi iliyoyeyuka, na chembe zake hukimbilia kuizunguka chaji hiyo na kuifunika. Katika damu, ukisogea umbali usiofika hata nanomita moja, chaji imeshazimwa. Kingamwili chenyewe kina urefu wa kama nanomita kumi. Basi mkamataji anaweza kumshika mgeni barabara huko juu, na grafini iliyo chini isisikie lolote. Zipo mbinu za kulikwepa tatizo hili: kupunguza chumvi kwa maji, kutumia wakamataji wafupi, kusuuza sampuli kwanza. Kila mbinu inaongeza hatua, na kila hatua inahitaji mikono iliyofundishwa. Kwa hiyo nikisoma kwamba kitambuzi fulani kimegundua kiasi kidogo mno cha kitu, la kwanza ninalotafuta ni kimepimwa ndani ya nini. Kama ni maji yaliyotayarishwa maabara, nafurahi kiasi. Kama ni maziwa yaliyotoka kwa ng'ombe asubuhi hiyo, nasogeza kiti.

Almasi nayo ina yake. Msifikirie pete. Almasi ya viwandani hutengenezwa; kampuni ya General Electric ilifaulu mwaka wa 1954 kwa kuikandamiza kaboni kwa joto na shinikizo kali, na siku hizi njia inayopendwa kwa kazi za umeme ni kuchukua gesi ya methani na haidrojeni, kuzipasha kwa maikrowevu hadi ziwake, na kuiacha kaboni itue tabaka juu ya tabaka. Almasi hupitisha joto mara tano kuliko shaba, kwa hiyo watengenezaji wa vifaa vya umeme mkubwa wanaitaka kwa ajili ya kupoza. Hilo tuwaachie wao.

Linalotuhusu sisi wa nchi ya chai ni jingine. Almasi kwa kawaida haipitishi umeme, lakini ukiichanganya na boroni kidogo inapitisha, na inakuwa elektrodi ambayo uchafu haiushiki kirahisi. Angalieni kikombe cha chai kilicholala bila kuoshwa. Ule weusi unaoganda pembeni unatokana na polifenoli za jani la chai, ambazo zikipata hewa hushikamana na kuwa ngozi. Ukijaribu kupima polifenoli kwa elektrodi ya kaboni ya kawaida, ngozi hiyo inaganda juu ya elektrodi, na kipimo cha tano kinakuwa cha chini kuliko cha kwanza ingawa chai ni ile ile. Almasi yenye boroni hustahimili, na ikichafuka unaweza kuisafisha kwa kuipitishia umeme wa nguvu zaidi papo hapo. Kwa kiwanda ambacho kingetaka kujua, wakati majani yanachachishwa baada ya kusagwa, ni dakika gani hasa ya kuyapeleka kwenye joto, kifaa cha aina hii kingekuwa na maana. Kwa sasa kazi hiyo inafanywa kwa jicho na pua ya mtu mwenye uzoefu. Watafiti wa Kenya na Rwanda waliwahi kujaribu njia ya kamera, wakapiga picha za majani yakibadilika rangi katika kiwanda cha Sisibo na kuifundisha kompyuta kuzisoma, na mwaka wa 2020 wakachapisha matokeo. Kamera huona rangi. Elektrodi ingesoma kemia yenyewe. Mimi ningependa kuona mashindano ya hizo mbili na yule mzee mwenye pua.

Chai ina undugu mwingine na mambo haya ambao unanichekesha. Grafini nyingi ya bei nafuu hutengenezwa kwa kuioksidisha grafiti kwanza ili itawanyike majini, kisha oksijeni ile inaondolewa. Kemikali iliyozoeleka kwa kuiondoa ni hidrazini, ambayo ni sumu. Mwaka wa 2011, mwaka ule ule wa Longisa, watafiti nchini China walichapisha kwamba maji ya chai yanaifanya kazi hiyo, kwa polifenoli hizo hizo zinazochafua kikombe. Sitaki mtu atoke hapa akidhani bonasi ya mwaka ujao itatokana na grafini. Kiasi cha majani kinachohitajika ni kidogo mno.

Na hapo ndipo ile tarakimu ya theluthi ya ekari inapohusika. Nimesikia watu wakisema Afrika Mashariki itatajirika kwa vitambuzi hivi kwa sababu tuna madini yake. Tanzania ina grafiti kweli, kule Mahenge na Lindi, na ina almasi ya Mwadui, Shinyanga, ambako Mkanada John Williamson aligundua mgodi mwaka wa 1940. Almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyotoka Mwadui mwaka wa 1947 alipewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Lakini gramu moja ya grafini ikiwa inatanda hivyo, vitambuzi vya dunia nzima haviwezi kumaliza hata magunia machache ya grafiti. Ya Mahenge inatafutwa na watengenezaji wa betri. Na almasi ya vitambuzi hutengenezwa kiwandani kwa makusudi, kwa kuwa wanasayansi wanataka wao wenyewe waamue uchafu upi uwe ndani yake.

Uchafu wenyewe ndio unaofanya kazi. Ukiwa na atomu ya naitrojeni ndani ya almasi karibu na nafasi iliyoachwa wazi, sehemu hiyo hung'aa nyekundu ikimulikwa kwa mwanga wa kijani, na mng'ao huo hupungua na kuongezeka ukiigusa kwa mawimbi ya maikrowevu. Mwaka wa 2020 watafiti wa chuo cha UCL, London, walichukua vumbi la almasi za namna hiyo wakalitia kwenye kipimo cha karatasi, cha aina ile ile mnayoijua ya malaria na ya mimba, mahali ambapo kwa kawaida huwekwa chembe za dhahabu zinazotoa mstari mwekundu. Karatasi nayo hung'aa yenyewe na kumkanganya msomaji, lakini karatasi haipepesi kwa maikrowevu, almasi inapepesa. Wakahesabu kinachopepesa tu. Usikivu ukawa mara 100,000 zaidi ya dhahabu, nao walikijaribu kwa kutafuta chembe za urithi za virusi vya Ukimwi. Hiyo ni kazi ya akili nyingi. Inahitaji kisomaji chake, haisomwi kwa macho matupu, na bei ya kisomaji ndiyo itakayoamua kama kitafika zahanati au kitabaki hospitali kubwa.

Tazameni, basi, maswali waliyouliza. London waliuliza kuhusu virusi vya Ukimwi. Huko Korea Kusini mwaka wa 2020 waliiuliza grafini kuhusu virusi vya Korona. Hayo yanatugusa na sisi, sikatai. Lakini nani ataiuliza grafini swali la Bomet?

Ninayo mawili. Kuna saratani ya umio, ambayo eneo letu linaijua vibaya, na madaktari wa hospitali ya Tenwek wameishughulikia kwa miaka mingi. Wapo waliopima mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, na kukuta kemikali iitwayo asetaldehidi, wakauliza kama inachangia. Swali hilo halijafungwa, na kuipima asetaldehidi kibuyu kwa kibuyu, nyumba kwa nyumba, ni kazi ambayo kitambuzi cha bei ndogo kingeiweza. Sisemi mtu amwage mursik yake.

Swali langu kubwa ni ule ukungu wa pili, Aspergillus flavus. Mwaka wa 2004, Ukambani na maeneo ya jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye aflatoksini na 125 wakafa. Huku kwetu tunajiona tuko salama kwa kuwa kuna baridi, lakini mahindi tunayokula mengi yanatoka mbali, na mahindi yaliyoota ukungu hayatupwi. Hupewa ng'ombe. Ng'ombe akila sumu hiyo leo, kabla ya kesho jioni imo kwenye maziwa, ikiwa imebadilika umbo kidogo na kuitwa M1, na kuchemsha hakuiondoi. Kituo cha kupozea maziwa hupima kwa laktomita kujua kama umetia maji, hupima kwa spiriti kujua kama yameanza kuharibika, hunusa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoiona M1.

Wengi wanaotengeneza vitambuzi vya aflatoksini, vikiwemo vya grafini, wanapenda kupima maziwa. Nadhani wanakosea mahali. Chukueni mama mwenye ng'ombe mmoja na lita sita za asubuhi. Kituo kikiyakataa maziwa yake, hayatamwagwa. Yatauzwa hotelini au yatanywewa na watoto wake. Kipimo kitakuwa kimekilinda kiwanda na kumwachia mama sumu pamoja na hasara. Tena kikomo cha M1 katika viwango vya kimataifa vya Codex ni nusu ya mikrogramu kwa kilo moja, wakati kikomo cha Kenya cha aflatoksini B1, ile inayogeuka M1, kwenye mahindi ni mikrogramu 5, mara kumi zaidi, yaani ni rahisi zaidi kukisikia.

Kwa hiyo mimi ningekiweka kwenye kinu cha posho. Ugumu mkubwa wa kupima aflatoksini kwenye mahindi hauko kwenye kitambuzi, uko kwenye gunia: punje moja inaweza kubeba sumu nyingi na mia zilizo jirani zikawa safi, na ukichota konzi ukapima, unaweza kuikosa au kuikuza. Dawa ni kusaga na kuchanganya kabla ya kupima. Kinu cha posho kinafanya kazi hiyo tayari, kila siku, kwa unga wa watu na kwa chakula cha ng'ombe. Unga ukishatoka, kijiko kimoja kinaeleza debe zima kuliko konzi ya punje inavyoweza.

Na kifaa chenyewe kinaweza kutengenezwa humu. Mwaka wa 2014 maabara ya James Tour katika Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, ilionyesha kwamba ukipitisha leza juu ya plastiki ya poliimidi, pale leza ilipopita panageuka grafini yenye vinyweleo. Plastiki hiyo ni ule utepe wa rangi ya asali ambao mafundi wa simu huutumia kukinga sehemu zisiungue wanapochomea. Leza yenyewe ni ya jamii ya zile za kuchonga vibao na vikombe vya zawadi. Baadaye walifanya hivyo hivyo juu ya mkate, viazi na maganda ya nazi. Kenya ina kiwanda kidogo cha vifaa vya elektroniki, Semiconductor Technologies, ndani ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kule Nyeri. Ina KALRO yenye watu wanaoijua chai na mahindi. Ina vyuo vyenye wakemia wa elektrodi. Kinachobaki kuagizwa kutoka nje ni mkamataji wa aflatoksini, na hata huyo anaweza kuwa kipande kifupi cha DNA kinachotengenezwa kwa mashine na kustahimili joto la njiani kuliko kingamwili.

Linalonisumbua mimi si la maabara. Ni mwenye kinu. Anaishi kwa kusaga, na kila debe analolikataa ni shilingi zimeondoka kwenda kwa jirani asiye na kipimo. Ukimlazimisha kwa sheria, atakiweka kifaa ukutani kwa ajili ya mkaguzi. Ukimlipa kwa kila kipimo, serikali ya kaunti itauliza kwa kasma ipi. Na mteja aliyeambiwa debe lake lina sumu, ambaye hana debe jingine nyumbani, umwambie nini? Kama uko kwenye biashara hiyo, hapa Silibwet au popote, ningependa kusikia kutoka kwako kabla ya kusikia kutoka kwa profesa yeyote. Laini za simu ziko wazi mpaka taarifa ya habari.